Maelezo ya programu ya Python: niyaandike wapi yasipitwe na wakati?

MwanaKilindini
Salaam aleikum wakuu. Niko ofisi ya kliaringi hapa Mombasa, nimeachiwa programu ya Python inayopiga hesabu ya ada za makontena yanayokaa bandarini. Maelezo yake yako kwenye faili la Word, na hayafanani tena na msimbo. Mwezi wa tisa naenda chuo, kazi anaichukua dada mwingine. Kuna utaratibu unaokubalika au kila mtu na lake?

FundiTudor
Waaleikum salaam mdogo wangu. Upo, unaitwa PEP 257, mwongozo wa Python wa kuandika maelezo, tangu 2001. Maelezo hukaa ndani ya fankisheni yenyewe (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake), chini tu ya mstari wa def unaoianzisha, kati ya alama tatu tatu za nukuu: sentensi moja fupi, mstari mtupu, kisha mengine. Ukiita help() unayasoma papo hapo. Programu ya Sphinx, aliyoitoa Georg Brandl mwaka 2008, huyachota kwa kiendelezi chake autodoc ikakutengenezea kurasa za HTML.

Lakini nakusihi, usianze na Sphinx. Fankisheni isiyo na maelezo haitapata maelezo kwa kuwa imewekwa kwenye ukurasa mzuri. Anza na yale ambayo msomaji hawezi kuyaona kwenye msimbo. "siku" zinahesabiwa tangu meli ifunge gatini au tangu kontena lishushwe? "kiasi" ni shilingi au dola? Jumapili imo kwenye siku za bure? Mteja atampigia dada simu kuuliza hayo hayo. "Fankisheni hii inakokotoa ada" usiiandike kabisa, jina limeshasema.

Na uandike Kiswahili ikiwa ndicho mnachosemezana hapo ofisini. Sphinx haina shida nacho.

BintiKisauni
Ongeza doctest, kifaa cha kujaribu mifano iliyo kwenye maelezo, inakuja na Python yenyewe. Ndani ya maelezo tia mfano na jibu lake:

>>> siku_za_kulipa(9, bure=4)
5

Kisha endesha python -m doctest ada.py. Ikinyamaza, mifano yote iko sawa. Mtu akibadilisha hesabu akasahau maelezo, itamwonyesha mfano usiolingana. Faili la Word haliwezi hilo.

MwanaKilindini
Shukran sana. Kuna na kipande cha C++ cha kusoma mizani.

FundiTudor
Hicho kipe Doxygen, nayo huchota maelezo kwenye msimbo kama Sphinx, iko tangu 1997. Alama zake @param na @return zinafanana na za Javadoc, kifaa cha maelezo cha lugha ya Java. Kwenye @param andika kama uzito ni kilo au tani.

MwanaKilindini
Sawa kaka. Siku zinaanzia kontena linaposhushwa, hilo nimeliona kwenye msimbo. La Jumapili namuuliza mhasibu kesho kabla sijaandika.