TIKETI INASEMA 6:00, NIMEFIKA SAA TANO NA NUSU, NAAMBIWA BASI LIMESHAPITA MAFINGA!!!

Jogoo wa Sendofu (mtoa mada)

Wakuu, naandika nikiwa stendi hapa Mbeya, nimekalia begi, jogoo wa watu amefungwa miguu pembeni yangu, na mkono unatetemeka. Sio baridi ya Julai. Ni hasira.

Mnamjua. Simtaji, ila mnamjua. Yule dogo wa kibanda cha tiketi mwenye waya sikio moja, anayeongea na wewe huku anatafuna karanga. Kila aliyewahi kwenda Iringa ameshadharauliwa naye walau mara moja.

Mdogo wangu alinikatia tiketi jana. Imeandikwa KUONDOKA 6:00. Tarehe wameandika kwa kalamu. Mimi Mtanzania, nimezaliwa na mama Mtanzania, nikiona saa 6:00 najua ni saa sita, jua la utosi. Nikalala, nikaoga maji ya moto, nikanywa chai na maandazi manne, saa tano na nusu niko dirishani kifua mbele. Nikajisifu kabisa moyoni kwamba leo nimewahi.

Dogo akaangalia tiketi. Akaniangalia mimi. Akamwangalia jogoo. AKAGEUZA SKRINI. Akachukua kalamu, akaigonga kioo mara tatu, ko, ko, ko, akasema: "Mzee, hii ni saa ya kimataifa."

MZEE! Nina miaka thelathini na nane!

Watu wote foleni kimya. Mama mmoja mwenye ndoo ya parachichi akacheka mpaka akaishusha chini. Ko, ko, ko, mzee, hii ni saa ya kimataifa. Mpaka mwezi uliopita walikuwa wanaandika kwa mkono "saa 12 asubuhi" na hakuna aliyeachwa. Wameleta kompyuta, tumekuwa wajinga wote.

Na hiyo kompyuta yenyewe niliiona alipoigeuza! Kwenye kona pale chini saa inasoma 1:32 AM na tarehe 7/8. Mchana kweupe, mwezi wa saba, kompyuta iko usiku wa manane, kesho yake Nane Nane. Halafu ANANIGONGEA KALAMU.

Sendofu ya binti wa dada ni leo jioni. Jogoo ndiye mgeni rasmi.

---

Baridi ya Makete

Siti ya mbele. Mods msifute huu uzi.

Mama Kande

Pole mkuu. Ila basi la kwenda Iringa saa sita mchana uliliona wapi? Tupia picha ya tiketi.

Jogoo wa Sendofu

Simu ina asilimia nne. Ni kile kikaratasi chembamba cha mashine. "KUONDOKA 6:00" halafu karatasi imeishia hapo, kuna kimguu cha herufi kimekatwa ukingoni.

Ngosha wa Mafiati

Kimguu cha herufi gani?

Jogoo wa Sendofu

Kama A hivi.

Ngosha wa Mafiati

😂😂😂 Umeona kimguu cha A ukaenda kunywa chai. Maandazi MANNE.

Baridi ya Makete

Jogoo aliwika saa kumi na moja akakwambia baba tunachelewa, ukamfunga miguu.

Fundi Kimya

Niseme kidogo maana hii kazi nafanya. Kompyuta inafuata ilichoambiwa siku Windows ilipowekwa. Inauliza uko nchi gani, fundi ana haraka, anabonyeza endelea, endelea, inabaki Marekani. Ndiyo maana mwezi unatangulia siku: 7/8 hapo ni tarehe nane Julai, sio tarehe saba Agosti. Na saa zinaishia 12 kisha AM au PM. Wangechagua Uingereza wangepata 06:00 na 18:00, karatasi ikate isikate. Hiyo 1:32 ni ugonjwa mwingine kabisa, ukanda wa saa umeachwa ule wa Pasifiki, magharibi mwa Marekani, ambao Julai uko nyuma yetu saa 10. Watu huchanganya hivi viwili. Kimoja kinapanga namna saa inavyoandikwa, kingine kinasema saa ngapi.

Jogoo wa Sendofu

Kwa hiyo "saa ya kimataifa" aliyonigongea kalamu ni ya Marekani?

Fundi Kimya

Na ni ya usiku.

Jogoo wa Sendofu

Narudi dirishani.

Mama Kande

Mwacheni dogo, kaajiriwa tu. Kwani fundi, mtu akiweka Kiswahili si yanaisha?

Fundi Kimya

Atapata Jumatatu na Januari. Saa hazisogei. Saa mbili asubuhi itabaki kuandikwa 8:00, hakuna setingi ya kuhesabu kuanzia jua likitoka.

Mtu wa Tukuyu

Hamna akili. Laptop yangu nimeiweka Buenos Aires. Wako nyuma yetu saa sita kamili. Nikiamka saa moja inasoma 1:00, nikila mchana saa saba inasoma 7:00. Kiswahili tupu. Tarehe inabadilika saa kumi na mbili asubuhi kama alivyopanga Mungu. Ndaga fijo.

Ngosha wa Mafiati

Kwa hiyo wewe unaishi Tukuyu kwa saa za Argentina?

Mtu wa Tukuyu

Tena bila viza.

Fundi Kimya

Aisee, hesabu inakubali. Ila usizirudishe saa kwa mkono bila kugusa ukanda, tovuti nyingine zinaweza kukataa kufunguka.

Mhazini Mchovu

Ninyi mnalia basi. Mimi nimelia pesa. Faili la marejesho ya kikoba, mwisho wa kulipa niliandika 3/4 nikimaanisha tarehe tatu Aprili, kompyuta ikasoma tarehe nne Machi. Mama wa watu akatozwa faini ya mwezi mzima. Iliyoandikwa 13/4 ikashindwa kabisa maana mwezi wa kumi na tatu haupo, ikaiacha kama maneno tu, jumla haikuihesabu. Kikao kilichofuata nilipitia mlango wa nyuma.

Mama Kande

Heri faini. Mwenzenu jana dalali kanijazia viazi lumbesa, gunia lina kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe, analipa bei ya gunia moja.

Baridi ya Makete

Hapo sasa umesema. Kile kilemba peke yake ni debe ngapi? Na mizani ipo, imefunikwa turubai.

Mhazini Mchovu

Sisi walikuja na kamba zao na msuko wao. Ukikataa wanahamia shamba la jirani.

Jogoo wa Sendofu

Nimerudi dirishani nikamwambia dogo kompyuta yako iko Marekani usiku. Amenijibu nini, AKAGEUZA SKRINI TENA, ko, ko, ko, "Mzee, basi lijalo 6:00." Nikamuuliza 6:00 ipi??

Mama Kande

Mkuu ngoja kwanza. Baridi ya Makete, Isyonje wiki hii gunia ni shilingi ngapi?

Baridi ya Makete

Lenye kilemba au bila?