Naomba ushauri: kifuniko cha fizi kilichotumika kwa mgonjwa mwingine

Hamjambo ndugu zangu. Mama anapandikizwa jino kwenye kliniki moja hapa Kisumu. Daktari anataka kumfungia kile kifuniko cha titani kinachokaa juu ya skrubu ya mfupani hadi fizi zipone, lakini kimetolewa kwa mgonjwa mwingine. Bei inashuka, kweli. Anasema kimepikwa kwa mvuke wa nyuzi joto 134. Joto hilo huua vijidudu, ila mabaki ya protini za damu na mate yanaweza kubaki yameshikamana na chuma. Tena pakiti nyingi zina alama ya 2 iliyokatwa mstari: kisitumike tena. Mama ana kisukari, jeraha lake hupona polepole, nina hofu sana.

Mlio kwenye kazi hii, mngekubali afungiwe mzazi wenu? Nikidai kipya, inatosha pakiti ifunguliwe mbele yetu, au nidai pia nambari ya toleo (ile ya kundi la kiwandani kwenye pakiti) iandikwe kwenye faili?