Nimepanga kuzunguka dunia peke yangu mwaka mzima, ila safari yangu iliyopita imenitia woga. Naombeni ushauri

Mwanaupepo (mleta mada)

Habari zenu wadau. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sijaolewa na sina mtoto. Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka akiba kwa jambo moja tu, kuizunguka dunia peke yangu, taratibu, mwaka mzima. Kazini wamenikubalia likizo bila malipo kuanzia mwezi wa tatu.

Si kwamba sijawahi kutoka. Nimeshasafiri peke yangu mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda Hispania, nikatembea kwa miguu kipande cha mwisho cha Camino de Santiago, ile njia ya kale ya mahujaji, kuanzia mji wa Sarria, zaidi ya kilomita 100, nikilala kwenye nyumba za mahujaji na watu nisiowajua. Nilirudi najiona mtu mwingine. Mara ya pili ilikuwa Japani. Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Niliingia mji mmoja mkubwa kwa treni iliyochelewa, saa sita usiku. Simu ilikuwa imebakiza asilimia nne ya chaji. Pale stesheni mwanamume mmoja akaanza kunisemesha, akaniuliza nimefikia wapi, na mimi kwa vile nimelelewa kumjibu kila anayenisalimu, nikamtajia hoteli. Akanifuata hadi mapokezi, akamwambia mhudumu kwamba tuko pamoja. Mhudumu akatoa ufunguo na kutaja namba ya chumba kwa sauti. Nikaganda. Sauti ilikataa kabisa kutoka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Alinitazama usoni, akaweka ndoo chini, akaja kusimama katikati yetu. Hatukuwa na lugha moja. Akamwonyesha yule mtu kidole, kisha akanionyesha mimi, kama anayeuliza. Nikatikisa kichwa. Akampigia kelele mpaka akatoka nje.

Sikuguswa hata ukucha. Lakini usiku ule nilisukuma kitanda hadi mlangoni, na siku tisa zilizobaki nilikuwa nikirudi chumbani jua likiwa bado juu.

Mama anasema hilo lilikuwa onyo, niache. Kaka anasema nijiunge na kundi la watalii. Mimi mwenyewe sijui kama woga huu ni onyo kweli, au ni jeraha tu ambalo halijapona. Waliopita njia hii, nisaidieni.

Begi_Moja

Pole sana mdogo wangu. Na yule mama wa ndoo Mungu ambariki popote alipo.

Mimi nina miaka 41, nilianza kusafiri peke yangu nikiwa na 26. Nimesoma habari yako mara mbili, na naomba uitazame tena pamoja nami. Ulifika usiku wa manane, simu inakaribia kuzima, mji huujui, na una hoteli moja tu ya kwenda ambayo mtu usiyemjua anaijua. Kila mlango ulikuwa umeshafungwa kabla yule mtu hajafungua mdomo. Ungekuwa na mwenzako bado ungekuwa pabaya.

Kwa hiyo mimi sijiulizi nchi fulani ni salama au si salama. Najiulizia mlango wa pili uko wapi. Mji mpya naingia mchana, hata ikinilazimu kulala usiku mmoja zaidi nilipotoka. Siku mbili za kwanza nalipia malazi mapema, karibu na stesheni, na naandika pembeni jina la hoteli nyingine mtaa huohuo. Kadi za benki ni mbili na hazikai mfuko mmoja. Fedha taslimu za kulipia chumba na teksi usiku mmoja zinashonwa ndani ya begi na haziguswi kwa sababu nyingine yoyote. Betri ya akiba haitoki mwilini.

Ukiulizwa umefikia wapi, hudaiwi jibu. "Namsubiri mume wangu" si dhambi. Na mhudumu akitaja namba ya chumba mbele za watu, rudisha ufunguo palepale uombe chumba kingine. Hoteli inayojiheshimu haitakubishia. Nunua pia ile kabari ndogo ya mpira ya kuweka chini ya mlango. Ni nyepesi kuliko soksi na mimi silali bila hiyo.

Hilo la sauti kukataa kutoka linahitaji mazoezi, nakwambia kweli. Kwenye basi la usiku mtu alinishika paja. Mara ya kwanza nilijisogeza tu. Mara ya pili nilisimama nikapiga kelele kwa lugha yangu mwenyewe, maana hasira haitaki mkalimani. Basi zima liliamka na dereva akamshusha. Jizoeze nyumbani, simama mbele ya kioo useme "Hapana!" kwa sauti ya tumboni. Utaona aibu siku mbili za mwanzo, kisha itaingia mwilini.

Pia jifunze wanawake wa mahali wamejitengenezea nini. Metro ya Delhi behewa la kwanza, upande inakoelekea treni, ni la wanawake. Cairo ni mabehewa ya katikati. Jiji la Mexico ni ya mbele, wanawake na watoto. Tokyo njia nyingi huwa nayo asubuhi watu wanapokwenda kazini, utaona alama za rangi ya waridi sakafuni. Ukiona wanawake wenyeji wamejipanga sehemu moja jukwaani, nenda ukajipange nao.

Kaka_Mkubwa77

Naheshimu uzoefu wa dada hapo juu, ila ningekuwa kaka yako nisingekubali. Dunia imeharibika. Mwanamke peke yake nchi ya ugenini ni kama kibanda kisicho na mlango. Subiri upate mwenza mwende wote, dunia haikimbii.

Kimya_Kingi

Kaka, sina nia ya kugombana, naomba nikueleze yaliyonipata tu.

Mimi nilisubiri mwenza. Tukasafiri wote nchi tatu. Nchi ya pili akaanza kunipiga. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye begi lake "kwa usalama", tiketi zilikuwa kwenye simu yake, na kila tulipofika watu walituona wapendanao, hakuna aliyeuliza. Mleta mada aliokolewa kwa sababu alionekana yuko peke yake na mtu asiyemhusu. Mimi nilikuwa na mlinzi, ndiyo maana hakuna aliyenitazama usoni.

Mwanaupepo, uwe na kundi, uwe na mume, uwe na dada yako wa tumbo moja: pasipoti yako ikae mwilini mwako.

Mhuri_na_Viza

Nimefanya kazi ya kuandalia watu makaratasi ya safari kwa muda, kwa hiyo niongelee upande huo, maana nimeona safari nyingi zikifia kaunta ya uwanja wa ndege.

Mwaka mzima ni mrefu kwa viza. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, haiombwi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida unaiomba ukiwa katika nchi unayoishi kihalali, si ile unayopita. Kwa hiyo kama Ulaya umeiweka mwezi wa tisa wa ziara yako, unaweza kujikuta mbali na ubalozi unaoweza kukupokea. Iweke mwanzoni. Na siku 90 unazoruhusiwa kukaa ni ndani ya siku 180 zozote, kwa nchi zote 29 za eneo hilo kwa pamoja. Wanahesabu kurudi nyuma kuanzia siku unayokaguliwa. Kutoka Ufaransa kwenda Italia hakuanzishi hesabu mpya. Ukitaka kutoka na kuingia tena, omba viza ya kuingia mara nyingi, usidhani utapewa tu.

Marekani haina utaratibu wa abiria kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji. Hata kama unashuka kwa muda wa saa mbili tu uende nchi nyingine, unahitaji ruhusa ya kuingia. Watu wananunua tiketi ya bei nafuu inayopitia huko kisha wanakataliwa kupanda ndege.

Tiketi za kuzunguka dunia zinazouzwa na miungano ya mashirika ya ndege kwa kawaida zinakutaka uende mwelekeo mmoja, mashariki au magharibi, uvuke Atlantiki na Pasifiki, na umalize ndani ya mwaka. Ni nzuri kwa mwenye ratiba. Kwa mtu anayetaka kukaa anapopapenda zinaweza kuwa kamba miguuni.

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 mbele hata katika nchi ya mwisho, na kurasa tupu za kutosha. Chanjo ya homa ya manjano cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha yote. Halafu bima: soma kipengele cha pikipiki. Mabima mengi hayalipi kama huna leseni ya chombo hicho, na wasafiri wengi huumia juu ya pikipiki za kukodi.

Nilirudi_Mwezi_wa_Tano

Wote mmeongelea hatari ya watu. Niongeze hatari ya kutokuwa na mtu.

Mimi nilipanga mwaka, nikarudi mwezi wa tano. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nilichoka. Kila siku tatu kitanda kipya, kila siku kueleza upya jina langu na ninakotoka kwa watu ambao kesho hawapo. Kisha nikaugua homa, siku ya nne nikagundua sijatamka neno kwa sauti tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimelala naangalia feni, nikawaza nikifa hapa atakayejua wa kwanza ni mtu wa kukusanya mashuka.

Kosa langu lilikuwa mwendo. Ningeanza upya leo ningechagua miji sita badala ya arobaini, nikae mwezi kila mahali, nijiandikishe darasa la lugha au la kuogelea, chochote kinachofanya watu wakuulize "jana mbona hukuja?" Sentensi hiyo moja ingenibakiza njiani.

Na ukiona imetosha, rudi. Nilijificha ndani wiki mbili nikiona aibu kwa watu walionisindikiza. Ilikuwa aibu ya bure kabisa.

Mama_wa_Msafiri

Mwanangu, mimi naongea upande wa mama yako, kwa sababu nami binti yangu alifunga begi akaniacha mlangoni.

Mwanzoni nilikuwa nampigia kila baada ya saa chache. Unajua kilichotokea? Alianza kunidanganya. Alikuwa hospitalini amevunjika mkono, ananiambia yuko ufukweni. Nilipojua nililia, kisha nikaelewa kwamba ni mimi niliyemfundisha kunificha.

Tukakubaliana hivi. Kila jioni anatuma ujumbe mmoja, hata wa neno moja. Kila akihama ananitumia jina la malazi kabla hajaondoka. Zikipita saa 48 kimya, mimi napiga malazi, kisha bima, kisha ubalozi, kwa mpangilio huo, na namba zote ninazo, pamoja na nakala ya pasipoti. Tuna neno moja ambalo akiliandika maana yake hayuko huru kuzungumza. Halijawahi kutumika, lakini kwa sababu lipo, mimi nalala. Mama yako hana kitu cha kufanya zaidi ya kuogopa. Mpe kazi.

Na asikwambie kwamba mambo haya ni ya wasichana wa siku hizi. Ida Pfeiffer wa Austria alizaliwa 1797, akalea watoto wake wawili wa kiume hadi wakakua, ndipo akaanza kusafiri, ana miaka 44. Kati ya 1846 na 1848 aliizunguka dunia, na 1851 akaondoka akaizunguka tena. Hakuwa tajiri, alikuwa akiuza maandishi yake ya safari apate nauli ya inayofuata. Nilisomewa habari zake na binti yangu kwa simu, naye akiwa kitandani na mkono wake kwenye plasta.

Kaka_Mkubwa77

Kimya_Kingi, nimekaa na maneno yako tangu jana. Pole dada, na nisamehe. Nina mdogo wangu wa kike anayekwenda kusoma mbali mwezi ujao, nadhani nilikuwa naongea naye. Nimemnunulia ile kabari ya mlango.

Mwanaupepo (mleta mada)

Nimewasoma wote, wengine nimewasoma kwa machozi. Asanteni.

Nimeamua kwenda, ila si kwa ile ramani niliyokuwa nayo. Ulaya nimeileta mwanzoni. Miji 31 imekuwa minane. Kituo cha kwanza nimebadilisha ndege nifike saa nne asubuhi badala ya usiku. Jana nilikaa na mama, nikampa daftari lenye namba na kumweleza habari ya saa 48. Hakusema amekubali. Aliuliza kama namba ya bima inapokelewa hata usiku, tukapiga pamoja, wakapokea, akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Woga bado upo. Nafanya mazoezi ya "Hapana" bafuni.

Kimya_Kingi, kama si vibaya kuuliza: uliipataje pasipoti yako?

Kimya_Kingi

Si vibaya. Nilimwandikia dada wa mapokezi kikaratasi nikampa pamoja na ufunguo. Jioni alipiga simu chumbani akasema anahitaji pasipoti yangu kwa ajili ya kujisajili. Mwenza wangu akaitoa mwenyewe begini, akanipa niipeleke chini. Dada yule aliifungia kwenye droo hadi alfajiri, akaniitia teksi, nikapanda basi la saa kumi na moja.

Nilikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza peke yangu.