Wadau wa Kwale: nirudi nyumbani ama niongeze mkataba Qatar?

MsambweniDoha
Assalam aleikum wadau. Mi mtu wa Msambweni, niko Qatar mwaka wa nne sasa, kazi ya sekyuriti, mkataba unaisha mwezi wa nne. Mama anasema rudi, mke anasema ongeza, na mi nimechoka kusimama. Nimeweka kama laki nne hivi. Nilivyoondoka ukienda Ukunda ulikuwa unapishana na malori ya Base tu, ile kampuni ya mgodi wa titani, yakipeleka mchanga wa madini bandarini Likoni, vijana wa mtaani wana peislipu, vyumba vya kupanga havipatikani. Nasikia sa hivi kumetulia. Nawaza vyumba viwili vitatu vya kupangisha ama tuktuk. Hali ikoje huko kiukweli, si ya wanasiasa?

BuldozaMstaafu
Wa aleikum salaam kaka. Vyumba usiguse kwanza, vyangu vinne viwili vina popo. Nilijenga kwa pesa ya mgodi nikitegemea wapangaji wa mgodi, sa Disemba 2024 uchimbaji uliposimama mi nikakosa kazi na mpangaji siku moja. Na si ati kampuni ilifilisika, mchanga wenye madini ndo uliisha, tulikuwa tunaambiwa miaka na miaka lakini mtu akiwa analipwa hasikii. Mi nilikuwa kwenye buldoza, ndo tuliokuwa tunasukuma mchanga, halafu wakaanza kuupiga kwa maji ya presha na buldoza zikaanza kuegeshwa, hapo ndo ningeshtuka nisome kitu kingine, lakini wapi, nilikuwa nanunua mabati. Waliobaki kule ni wachache wa kurudishia ardhi na kupanda miti. Wenye vyeti vya umeme na kuchomelea waliondoka mapema, wako migodi ya nje. Sisi wa leseni tu tuko hapa tunasalimiana.

Na ile pesa ya mrabaha wa madini usiipigie hesabu, sheria ya madini ya 2016 iligawa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii, hiyo kumi wazee wa Maumba na Nguluku, waliohamishwa kupisha mgodi, wameingojea mpaka ndevu zimekuwa nyeupe.

DianiShiftiUsiku
Tuktuk jamani? Ukunda tuktuk na boda zimeshinda abiria, mtu anashuka matatu anavutwa na watu sita. Kila aliyekosa kazi ananunua pikipiki, kwa hiyo mkate ni ule ule na mikono imeongezeka.

Hoteli nako nikwambie ukweli manake niko ndani. Wazungu wanaanza kujaa mwezi wa saba mpaka wa kumi, halafu Krismasi, hapo utaitwa hata usiku. Masika ikianza mwezi wa nne mpaka wa sita hoteli iko na wageni wa kuhesabu kwa vidole, unaambiwa nenda livu tutakupigia, na livu yenyewe haina mshahara. Mi hii ni mara ya tatu. Kuajiriwa kwa kudumu ni hadithi, siku hizi ni mkataba wa miezi au kibarua cha siku.

Ninaowaona wanakula vizuri ni mafundi wa AC, friji na pampu za swimingpuli. Kutoka Diani mpaka Galu watu wanajenga villa za kukodisha kwa mtandao, na chumvi ya bahari inakula AC haijali sizoni. Fundi mzuri humpati, anakwambia nitakuja kesho wiki nzima na bado unamngojea.

BintiKibuyuni
Kaka zangu mnasahau baharini. Huku Kibuyuni kinamama tunapanda mwani, kamba na vigingi, bamvua ikitoa maji ndo tunaingia, wiki sita unavuna. Sitakudanganya, kilo kavu ni makumi ya shilingi tu, haitoshi mtu mwenye familia akiitegemea peke yake, faida iko kwenye sabuni tunayotengeneza wenyewe. Lakini imelipa karo ya watoto wangu wawili. Wanaume wanakuja kutucheka halafu jioni wanakopa.

KinangoKavu
Nyinyi mkisema Kwale mnamaanisha Diani. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 866,820, hizo hoteli zitaajiri wangapi? Huku kwetu mvua ikikataa ng'ombe wanakufa na kijana anachoma makaa, akibahatika anapata kibarua kiwanda cha chuma kule Samburu ya hapa hapa Kwale. Basari za kaunti zimesomesha watu kweli, sikatai, lakini sa tuna digirii zinalinda mbuzi.

MsambweniDoha
Ahsanteni sana, wallahi mmenifungua macho, mke alikuwa anajua 😂. @DianiShiftiUsiku hiyo AC, huku kambini kwetu kuna Mhindi fundi, Ijumaa nikiwa ofu ananipa nimshikie spana. Nikiongeza mwaka mmoja nikajifunza vizuri, bila cheti cha Kenya watanichukua?

DianiShiftiUsiku
Wenye villa hawaulizi cheti, wanauliza umemtengenezea nani. Hoteli ndo wanataka karatasi. Kwa hiyo anza na villa, na ukirudi nunua geji ya kupimia gesi ya AC na pampu ya vakyumu huko huko, hapa mafundi wanaazimana moja watu watano.

BuldozaMstaafu
Na ukikosa pa kukaa ukitafuta wateja, viwili viko tupu, nitawatoa popo. Bei tutaelewana.

BintiKibuyuni
Mwambie na mkeo aje tumfundishe sabuni.

MsambweniDoha
😂😂 Nampigia sa hivi. Mama ndo sijui nitaanzia wapi.