Mwenye nyumba hajanirudishia amana tangu nihame: nianzie wapi kudai?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Nilihama nyumba niliyoipanga kwa miaka minne, na hii ni wiki ya tisa tangu nikabidhi funguo bila kurudishiwa amana niliyoiweka siku ya kuingia, ambayo ni sawa na kodi ya miezi miwili. Nilitoa notisi kwa maandishi kama mkataba ulivyotaka, nililipa kodi hadi mwezi wa mwisho, na nilisafisha nyumba yote kabla ya kutoka. Nilipomkumbusha mwenye nyumba mara mbili za kwanza aliniambia nisubiri. Mara ya tatu akanitumia ujumbe mfupi kwamba amana yote imeishia kwenye kupaka rangi upya, kubadilisha kitasa kilichovunjika na "matengenezo mengine". Hakutaja gharama ya kila kazi, wala hakunionyesha risiti hata moja.

Kitasa nakiri kwamba kilivunjika mikononi mwetu, na niko tayari kukilipia. Kinachoniuma ni rangi, kwa sababu haikuwa mpya hata siku tulipoingia, na miaka yote minne haikuguswa. Udhaifu wangu ni kwamba wakati wa kuingia sikupiga picha, wala hatukuandikiana orodha ya hali ya nyumba. Picha nilizo nazo ni za siku ya kutoka tu. Je, bado nina hoja?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Hoja unayo, tena nzito. Amana ni fedha zako zilizowekwa mikononi mwa mtu mwingine kwa sharti maalumu, kwa hiyo anayetaka kuzizuia ndiye anayepaswa kueleza amezikata kwa kazi gani, kwa kiasi gani na kwa ushahidi upi. Neno "matengenezo mengine" halielezi chochote, na usikubali kulijadili mpaka liandikwe kazi moja moja.

Kuhusu rangi, jambo la kutazama ni tofauti kati ya uchakavu wa kawaida na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua, sakafu iliyopauka pale watu wanapopita kila siku na bawaba zilizolegea kwa kufungua na kufunga ni uchakavu, na gharama yake imo tayari katika kodi uliyokuwa ukilipa. Kioo kilichopasuka, ukuta uliotobolewa ovyo au mlango uliong'olewa ni uharibifu, na huo mpangaji huulipia. Lakini hata penye uharibifu wa kweli, mwenye nyumba hastahili kupata kitu kipya badala ya kizee kwa fedha za mpangaji. Tuseme rangi ya ndani inatarajiwa kudumu miaka mitano, na mpangaji ameikuta mpya akakaa nayo miaka minne: hata kama watoto wake wamechora kuta zote, thamani iliyobaki katika rangi ile ni sehemu moja kati ya tano, na hicho ndicho kiwango cha haki anachoweza kudaiwa. Wewe umeikuta tayari imetumika, kwa hiyo huenda hakuna kilichobaki cha kukulipisha.

Jibu la pili

Mimi ni mwenye nyumba, na ninaandika kwa sababu jambo hili linatuharibia jina sote. Kuna makato ya halali: kodi iliyobaki, bili za maji na umeme ambazo hazijalipwa, uharibifu uliothibitika, na wakati mwingine usafi, ikiwa nyumba imeachwa chafu kuliko ilivyopokelewa. Pia kuchelewa kidogo kunaeleweka pale bili ya mwisho inapokuwa haijafika. Wiki tisa, hata hivyo, ni nyingi mno. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba fedha zimekwisha kutumika zamani, na mwenye nyumba anasubiri amana ya mpangaji mpya ili amlipe aliyeondoka. Hilo ni kosa lake, na halipaswi kuwa mzigo wako. Je, mlikagua nyumba pamoja siku ya kutoka?

Muuliza swali

Hatukukagua pamoja. Nilimkabidhi msimamizi wa jengo funguo, akapita vyumba vyote na kusema kila kitu kiko sawa, lakini hakuandika wala kutia saini popote.

Jibu la tatu

Msimamizi huyo ni shahidi wako, kwa hiyo mwandikie leo ujumbe wa heshima ukimkumbusha tarehe na alichokisema; akijibu, uhifadhi jibu lake. Kisha tafuta ushahidi wa mwanzo ambao huenda umeusahau: picha za familia mlizopiga sebuleni wiki za kwanza ambazo ukuta unaonekana nyuma yenu, tangazo la nyumba uliloliona kabla ya kupanga, na ujumbe wowote uliomtumia mwenye nyumba kuhusu hitilafu.

Baada ya hapo andika barua ya madai. Taja tarehe ya kuhama na kiasi cha amana, ambatisha risiti uliyopewa ulipoilipa, kubali wazi gharama ya kitasa kwa bei itakayothibitishwa, kataa rangi kwa sababu ulizozieleza, na umpe siku 14 za kulipa au kuleta risiti. Epuka maneno ya hasira, kwani barua hiyo inaweza kusomwa na hakimu au msuluhishi. Muda wa kisheria hutofautiana sana: katika jimbo la California mwenye nyumba ana siku 21 kurudisha amana au kutuma orodha ya makato, na nchini Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu na hutengwa benki mbali na mali yake mwenyewe. Soma kwanza mkataba wako, kisha sheria ya upangaji ya mahali ulipo, na unukuu kifungu husika ndani ya barua. Siku hizo zikipita bila jibu, nenda kwenye baraza la upangaji au mahakama ya madai madogo, ambako kwa kawaida mtu anaweza kujitetea bila wakili.

Muuliza swali

Nashukuru kwa moyo wote. Nimepata picha mbili za juma la kwanza, na madoa ya ukutani yanaonekana waziwazi. Swali la mwisho: akinitumia nusu ya fedha, je, kuzipokea kutahesabiwa kwamba nimeridhika?

Jibu la tatu

Zipokee, lakini siku hiyohiyo mwandikie kwamba umezipokea kama sehemu ya deni na kwamba bado unadai salio, ukitaja kiasi chake. Usitie saini hati yoyote yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" kabla salio halijafika.