Hadithi fupi za mapenzi za kale zinazotokea Krismasi, nyie mnazifurahiaje?

msomaji_wa_usiku

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mtu wa riwaya za mapenzi za kale, zile za malodi na maduki wa Uingereza, magari ya farasi, gauni za kuburuza, binti anatakiwa aolewe na mzee mwenye mali wakati moyo wake uko kwingine kabisa, hapo unanipata. Sasa ikifika Desemba huwa natafuta zile fupi za Krismasi, kurasa hamsini sitini hivi, nianze na kumaliza usiku uleule. Shida yangu ni kwamba nyingi naona zinakimbia mno. Tarehe 23 binti ndo kwanza anamuona jamaa anashuka kwenye gari, hawapatani hata kidogo, tarehe 24 wamegongana chini ya misletoo (yale majani ya vitunda vyeupe wanayoning'iniza mlangoni, ukikutwa chini yake unabusiwa), tarehe 25 mchana jamaa kashapiga goti. Nafunga kitabu nabaki na njaa. Lakini kuna chache, chache kweli, zimenikaa moyoni mpaka leo. Naomba mnisaidie kuelewa, tofauti iko wapi hasa? Mnachaguaje? Au siku tatu zinatosha kupenda na mimi ndo sioni?

bi_kurasa

Dada karibu, hili swali limenigusa maana hizi stori nazipenda kupita kiasi. Jibu langu ni moja tu, usitafute stori ambayo watu wanaanza kupendana Krismasi, tafuta ile ambayo walishapendana zamani na Krismasi inawarudisha nyumba moja. Yaani walichumbiana miaka sita nyuma ukavunjika kwa sababu ya baba mtu, au binti alimpenda rafiki wa kaka yake tangu akiwa mdogo na hajawahi kumwambia mtu, sasa kaka kaja na huyo rafiki kula sikukuu. Hapo mwandishi hana kazi ya kupanda mbegu, ilishapandwa kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, yeye anakuonesha tu siku inapochomoza. Kurasa hamsini zinatosha kabisa na nyingine zinabaki. Mimi nikisoma maelezo ya nyuma ya kitabu nikaona "wamekutana kwa mara ya kwanza" na stori yenyewe ni fupi, naiacha, nikiona "hawajaonana tangu" nanunua hapohapo.

mzee_wa_tarehe

Nakubaliana na bi_kurasa ila nitetee kidogo hizo za siku chache, maana watu wanazisoma kwa jicho la leo. Chukueni enzi ya Rijensi, yaani wakati mwana wa mfalme wa Uingereza alitawala badala ya baba yake mgonjwa, 1811 hadi 1820, ambako nyingi ya hizi stori zinatokea. Binti wa familia yenye jina hakai peke yake na mwanaume ambaye si ndugu yake. Kwenye dansi akicheza zaidi ya mara mbili na mtu mmoja usiku huo, kesho yake mji mzima unawaongelea. Hivyo msimu mzima wa dansi London unaweza ukaisha na kijana amepata labda saa moja ya maongezi na huyo binti, tena mama mtu kakaa pembeni anasikiliza kila neno.

Sasa linganisha na Krismasi kwenye nyumba kubwa ya mashambani. Wageni hawaji kula mchana na kuondoka, wanakaa, maana sikukuu yenyewe ilikuwa inaenda mpaka Januari 6, siku ya kumi na mbili. Barabara ni matope au theluji. Watu wanakunywa chai pamoja asubuhi, wanaenda kanisani pamoja, wanakata majani ya kupamba nyumba, usiku wanacheza ule mchezo wa kuchopoa zabibu kavu kwenye bakuli la brandi inayowaka moto, taa zimezimwa, vidole vinagusana na hakuna wa kukukemea. Kwa hao watu siku tatu za namna hiyo ni nyingi kuliko miezi sita ya dansi. Mwandishi anayeijua hiyo tofauti anakufanya uamini, asiyeijua anaweka tu theluji na busu basi.

Kingine kinachonitoa kwenye stori ni mti wa Krismasi kila mahali. Malkia Charlotte aliweka mti Windsor mwaka 1800, sawa, lakini watu wa kawaida Uingereza walianza kuiga kwa wingi baada ya gazeti moja kuchapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert na watoto wao wamezunguka mti, mwaka 1848. Kadi za Krismasi nazo ni za 1843. Nikikuta mkulima wa 1812 ana mti umejaa mishumaa na kadi zimepangwa dirishani, sikiamini tena hata kile mwandishi anachoniambia kuhusu mapenzi.

chausiku

Mzee hapo kwenye mti mimi sina ugomvi nao hata kidogo, waweke tu mradi jamaa ana heshima na binti ana akili 😊

Ila nakuunga mkono kwenye kujua mambo ya zamani, maana ndo yanayoleta utamu. Mfano barua. Kabla ya 1840 aliyekuwa analipia barua mara nyingi ni mpokeaji, tena kwa umbali na idadi ya karatasi, ndo maana walikuwa wanaandika karatasi moja wakimaliza wanaigeuza ubavu na kuandika juu ya maandishi yaleyale. Lakini lodi mwenye kiti bungeni akisaini jina lake kwa nje, inaenda bure. Sasa kuna stori niliisoma, binti ni yatima anaishi kwa shangazi, asubuhi ya mkesha wa Krismasi wako mezani, barua inaletwa, na kwa nje kuna ile saini. Jamani. Hajaifungua bado, hakuna aliyesema kitu, lakini meza nzima imeshajua nani kaandika, na wakati ule binti ambaye hajachumbiwa hatakiwi kabisa kuandikiana na mwanaume. Shangazi anaweka kikombe chini taratibu. Binti anaichukua, anaiweka chini ya sahani yake, anaendelea kupaka mkate siagi. Sikupumua mpaka ukurasa ukaisha, na jamaa mwenyewe hata hajatokea!

Na kwenye misletoo kulikuwa na utaratibu, kila busu mwanaume anachuma kitunda kimoja, vikiisha na mabusu yameisha. Mwandishi akiitumia hiyo vizuri, kimebaki kitunda kimoja na wote wawili wanakiona, hiyo stori naikesha.

kijana_wa_posta

Mimi nazipenda zaidi za baada ya Waterloo, pale Napoleon aliposhindwa, Krismasi ya 1815. Vita imeisha Juni, mwanajeshi anarudi mguu hauko sawa, binti alishaambiwa labda kafa. Hapo sioni haraka yoyote, mtu aliyeponea chupuchupu hasubiri mwaka mzima kusema anachotaka. Jaribu hizo dada.

msomaji_wa_usiku

Asanteni sana jamani, bi_kurasa umenifungua macho, nimezikumbuka zile zilizonikaa moyoni na kweli karibu zote walikuwa wanajuana kabla. Hiyo ya barua chausiku naomba nitumie jina lake inbox. Mzee wa tarehe nina swali dogo, ile ndoa ya asubuhi ya Krismasi mwishoni iliwezekana kweli? Si lazima watangazwe kanisani?

mzee_wa_tarehe

Lazima ndiyo, Jumapili tatu, kwa sheria ya 1753. Isipokuwa awe na leseni, ama ya kawaida ya askofu, ama ile maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na hiyo maalumu hakupewa kila mtu, kwa hiyo angalia, kama jamaa ni lodi inaingia akilini, kama ni luteni asiye na kitu mwandishi ana deni la kukueleza kaipataje. Na kama binti hajafika miaka 21 na mzazi kagoma, inabidi wakimbilie Scotland, Gretna Green, wakaozeshwe na mhunzi mbele ya mashahidi wawili. Kutoka London ni zaidi ya kilomita 450 kwa farasi, Desemba, baridi yote ile. Tena raha yake ni kwamba Waskoti wakati ule wengi Krismasi hawakuishughulikia, sherehe yao ilikuwa mwaka mpya, na Krismasi haikuwa sikukuu rasmi kule mpaka 1958. Kwa hiyo wanafika tarehe 25 wamechoka wameganda, na mhunzi yuko kazini kama siku nyingine yoyote.

chausiku

Hiyo ya mhunzi mwenye stori yake aitaje humu tafadhali, naitaka leo leo.