Mbona ukivaa kawaida na kuongea Kiswahili chako husikilizwi?

Wakuu salaam. Juzi nimempeleka mamkubwa ofisi moja kufuatilia hati ya kiwanja, kavaa khanga na kandambili, anaeleza taratibu kwa lafudhi yake ya Kisukuma, yule dada wa dirishani hata kichwa hanyanyui. Kaja jamaa wa suti anachomekea Kiingereza, fasta "karibu bosi, kaa". Kilichoniuma mamkubwa akashusha sauti kama anaomba msaada vile, wakati ni haki yake. Tunafanyaje?

Jibu 1:
Pole sana mkuu. Mi naona inaanzia shule, msingi za serikali tunasoma kwa Kiswahili ukiingia fomu wani masomo karibu yote Kiingereza, ukikosea darasa zima linacheka, mtoto anajifunza kunyamaza na anakua hivyo hivyo.

Jibu 2:
Afadhali mahakamani, sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ila sheria haimnyanyui mtu kichwa pale dirishani, hapo ni heshima tu.

Jibu 3:
Mkirudi usimsemee. Kaa pembeni yake, wakikuuliza wewe mgeukie yeye ajibu mwenyewe, watalazimika kumtazama.